Ukioa au kuolewa ng'ambo ya Horohoro: mwenzi wako atakaa nawe kwa hati gani?



Mwaka wangu wa kichungaji niliufanyia katika parokia moja ya kaskazini mwa Tanga, yenye vigango vinavyokaribiana na mpaka wa Kenya. Jumamosi moja paroko alinituma pamoja na katekista tukamjulie hali mama mmoja mjane. Tangu arobaini ya mumewe ilipopita alikuwa haonekani kwenye jumuiya, nasi tulidhani ni majonzi tu. Tulimkuta uani anakuna nazi. Akatukaribisha, akachemsha chai, na baada ya chai akatoa ya moyoni. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba kwa kuwa mumewe sasa hayupo, na yeye ni Mkenya, basi siku yoyote watakuja kumchukua wamrudishe kwao. Ndiyo sababu alikuwa amejifungia, hata Misa ya Jumapili haendi.

Mama huyo ameishi Tanga zaidi ya miaka ishirini. Amezaa hapa, amezika hapa, na ndoa yake imeandikwa katika kitabu cha ndoa cha parokia. Mstari huo niliuona baadaye kwa macho yangu. Tulipomwomba atuonyeshe karatasi alizo nazo, alileta bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo na kitambulisho cha Kenya kilichofutika maandishi. Pasipoti hana. Muhuri wa kuingia nchini hajawahi kugongewa hata mmoja, maana siku ya kuja kuolewa alivuka kwa miguu pamoja na shangazi zake, kama watu wa kwao wanavyovuka kwenda msibani na harusini.

“Frateri,” aliniuliza, “kwani mimi sikufunga ndoa kanisani?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma sheria za Kanisa kuhusu ndoa mwaka mzima, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza mke akishaletwa nyumbani anakaa kwa hati gani. Makala hii ni yale niliyojifunza baada ya hapo, na nimeiandika kwa ajili ya makundi mawili: ninyi waamini mnaopanga kuoa au kuolewa na mgeni, au mlio naye tayari nyumbani, na sisi mafrateri ambao kesho tutaketi mezani na wachumba tukijaza fomu.

Kwanza tuuelewe mpaka wenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana pwani yetu, wakachora mstari kuanzia mlango wa mto Umba kwenda bara, wakaupitisha kando ya Kilimanjaro hadi ziwa Victoria. Mto Umba unatoka milima ya Usambara na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, upande wa Kenya. Wadigo na Wasegeju wakajikuta wako pande zote mbili za mstari, na ndivyo walivyo hadi leo. Mtu wa Duga ana mjomba Lunga Lunga, na mtu wa Vanga ana mashamba ya babu Jasini. Baadaye Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulifungwa na ukabaki hivyo hadi mwaka 1983. Wazee wa huku bado wanakumbuka harusi zilizokwama miaka hiyo. Lakini mpaka ufungwe au ufunguliwe, watu wameendelea kuoana, na kwa sababu lugha ni moja na ukoo ni mmoja, ni rahisi kusahau kwamba mbele ya sheria bi harusi kutoka Msambweni ni mgeni sawasawa na bi harusi kutoka Italia.

Tofauti ipo, nayo ni katika siku za mwanzo. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na chini ya kanuni zake raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine bila viza na anaweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Neno la kushika hapo ni “hadi”. Ofisa wa mpakani huandika muda kwenye muhuri wake, na muda ulioandikwa ndio wako, hata kama jirani yako alipewa mrefu zaidi. Pale Horohoro, kwa kuwa ni kituo cha pamoja, anayekuja Tanzania humalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande huu, kwa hiyo usiondoke dirishani kabla hujausoma muhuri. Anayetoka nje ya Jumuiya, tuseme Mjerumani aliyekutana na binti wa Pangani hotelini, yeye huja kwa viza ya matembezi ambayo kwa kawaida haizidi siku 90.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ruhusa ya matembezi ni ya kutembea. Haigeuki kuwa ruhusa ya kuishi kwa sababu tu katikati ya miezi hiyo mmefunga ndoa. Kuna wanaoishi kwa kutoka na kuingia: muda ukikaribia kwisha mama anapanda basi mpaka Lunga Lunga, analala kwa dada yake, kesho yake anarudi na muhuri mpya. Hufanya hivyo miaka na miaka. Ofisa ana haki ya kumuuliza mtu anayekuja kutembea kila mara ni matembezi gani hayo, na siku akikataa kugonga muhuri, watoto wako Tanga na mama yao yuko Kenya. Na walio kama yule mjane, waliopita njia za panya, hali yao ni ngumu zaidi, kwa sababu ombi lolote watakalopeleka litaanza na swali: uliingia lini, na kwa hati gani?

Basi cheti cha ndoa kina kazi gani? Kina kazi kubwa. Bila hicho hakuna ombi la mke wala la mume. Lakini kinathibitisha jambo moja tu, kwamba ninyi ni mke na mume. Ruhusa ya kukaa hutolewa na Idara ya Uhamiaji, chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, na huombwa peke yake.

Kuhusu cheti chenyewe, niseme na mafrateri wenzangu kidogo. Padre anayefungisha ndoa akiwa na leseni ya serikali anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anasimamia sakramenti, na anasajili ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Sisi tumezoea kutangaza kanisani mara tatu na tunaona yametosha, kwa kuwa Jumapili tatu zinakaribia siku hizo, ila tuhesabu siku na tuandike tarehe. Baada ya ndoa, kumbukumbu zifike kwa Msajili, yaani RITA. Nimesikia wanandoa waliokwenda kuhakiki cheti chao miaka kumi baada ya harusi wakaambiwa hakimo, kisa nakala ilibaki kwenye kabati la parokia. Kwa wanandoa wa kijiji kimoja hilo ni usumbufu. Kwa mwenye mke mgeni, ombi zima linasimama.

Kwa upande wa Kanisa, kanuni ya 1115 inaruhusu ndoa kufungwa katika parokia ambamo mmojawapo ana makao, makao ya muda au amekaa mwezi mmoja, kwa hiyo bi harusi wa Kwale hahitaji kuhamia Tanga kwanza ili afungiwe ndoa kwenye parokia ya mchumba wake. Kinachohitajika ni karatasi zake: cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, barua ya paroko wake kupitia Jimbo Kuu la Mombasa inayosema hana kizuizi, na kwa upande wa serikali, cheti cha kutokuwa na kizuizi kutoka kwa Msajili wa Ndoa wa Kenya. Mmoja akiwa Mwislamu, jambo la kawaida sana pwani hii, inahitajika ruhusa ya Askofu ya kuondoa kizuizi cha tofauti ya dini, kanuni ya 1086. Dirisha la uhamiaji haliulizi dini ya mtu. Linauliza cheti.

Na wale wanaoishi pamoja bila ndoa? Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mke na mume, kuna dhana kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kumsaidia mtu mahakamani katika mgogoro wa mali au matunzo. Kwa uhamiaji usiitegemee. Nimewahi kumsikia baba mmoja akisema wazi kwamba suala la kibali ndilo lililomsukuma hatimaye kuja kubariki ndoa baada ya miaka tisa. Paroko alicheka, akasema Roho Mtakatifu hupita hata kwenye foleni ya serikali.

Sasa tuje kwenye hati yenyewe. Mke wa Mtanzania anaombewa hati ya mfuasi, ambayo watu wengi huiita hati ya mtegemezi. Mwombaji ni mume. Ndiye anayeandika kwamba huyu ni mke wangu, namtunza mimi. Kwa kawaida huambatanishwa cheti cha ndoa, pasipoti ya mke ikiwa na muhuri halali wa kuingia, kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa cha mume, picha, na kitu cha kuonyesha kwamba mume anaweza kumtunza. Siku hizi maombi hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Hakuna sababu ya kumpa mtu fedha mkononi, hata akiwa amesimama mlangoni na faili kwapani. Asiyeweza kompyuta aende ofisi ya uhamiaji ya mkoa pale Tanga mjini aelekezwe. Ombi lipelekwe mapema, muhuri wa matembezi ukiwa bado una siku nyingi. Na hati hiyo ina tarehe ya mwisho kama maziwa ya dukani. Iandikeni ukutani pamoja na tarehe ya ubatizo wa mtoto.

Lakini liangalieni hilo neno “mfuasi”. Mfuasi anamfuata mtu. Aliyeandika sheria alikuwa na picha kichwani: mume yuko kwake, mke anakuja kumfuata. Picha hiyo imo pia katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, na huko imeandikwa bila kificho. Kifungu cha 11 kinasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote, mumewe akiwa hai. Hahitaji kwanza kutimiza miaka ile mingi ya kuishi nchini inayotakiwa kwa wengine. Akipewa, ataukana uraia wake wa awali, kwa sababu Tanzania kwa kawaida hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kuukana ni uamuzi mzito, na wako wanawake wanaosema hapana, nitabaki Mkenya mwenye hati. Ni haki yao.

Someni tena maneno yale, “mumewe akiwa hai”. Nilipoyaona mara ya kwanza nilimfikiria mama wa bahasha ya kaki. Kwa miaka zaidi ya ishirini mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyemwambia upo: si mume, si sisi wa parokia, si mwenyekiti wa kijiji aliyekula pilau ya harusi yake. Mume alipofungwa sanda, mlango nao ukafungwa.

Na mume mgeni wa mwanamke wa Kitanzania? Kifungu kama hicho hakipo kwa ajili yake. Binti wa Maramba akiolewa na Mkenya, na mumewe akataka kuhamia Maramba, ndoa yao haimpi njia ya mkato ya uraia. Anaweza kuomba tajnisi kama mgeni mwingine yeyote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema. Kiswahili atakuwa nacho, pengine kuliko ofisa. Miaka ndiyo hana, wala hawezi kuihesabu asipokuwa na kibali cha kukaa tangu mwanzo. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake imekwisha kuitaka Tanzania irekebishe tofauti hii. Kenya waliirekebisha katika Katiba ya mwaka 2010, ambayo ibara yake ya 15 inampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote, mume au mke, aliyedumu miaka saba katika ndoa na Mkenya. Hivyo leo familia moja, ndugu wawili, kaka ameoa Ukunda na dada ameolewa na mtu wa Ukunda, wanapata majibu tofauti kwenye dirisha lilelile. Mimi naona si haki, na nadhani Kanisa linalofundisha kwamba mume na mke wana hadhi sawa linaweza kulisema hilo kwa sauti.

Kwa vitendo, mume mgeni hutegemea zaidi kibali cha ukaazi chenye msingi wake mwenyewe: daraja A kwa mwekezaji au anayejiajiri, daraja B kwa aliyeajiriwa. Daraja B huenda pamoja na kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, na mwajiri ndiye anayeanza kuomba. Kwa hiyo swali la wachumba hawa ni la kazi kabla ya kuwa la nyumba. Msipange harusi ya Desemba na kazi ya “tutaona”. Mke aende na mumewe ofisi ya mkoa, waeleze hali yao yote, waulize ombi lipi linawafaa, na majibu wayaombe kwa maandishi.

Kuna jambo jingine la kazi ambalo huwaumiza wake hasa. Hati ya mfuasi ni ya kuishi na mume. Si ya kuajiriwa wala kufungua biashara. Tena mwezi Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, utengenezaji wa simu, saluni, uongozaji wa watalii na kununua mazao shambani. Kenya walilalamika sana. Chukua mama kutoka Mombasa aliyejifunza ususi Likoni, ameolewa Tanga, anataka kufungua saluni ndogo barabara ya ishirini. Amri inamzungumzia asiye raia, na yeye bado ni asiye raia. Mume anaweza kufungua biashara kwa jina lake, lakini mke akisimama humo kila siku akisuka, ofisa wa biashara ataona kinachoonekana. Wanaume wa parokia wasikimbilie kumwambia mke “we fanya tu”. Atakayekamatwa si wewe.

Ardhi nayo ni hivyohivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji, kwa hiyo kiwanja mlichonunua pamoja kwa fedha za wote wawili kitasimama kwa jina la mmoja. Hilo lijadiliwe kabla ya ndoa, mbele ya wazazi ikibidi, maana ukoo wa mume hukumbuka sheria hiyo haraka sana siku ya mirathi.

Watoto hawana shida kubwa. Mtoto ambaye baba au mama yake ni Mtanzania ni Mtanzania. Anaweza kuwa na uraia wa upande wa pili pia akiwa mdogo, na akifikia utu uzima sheria inamtaka achague. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa kiandikwe mapema na majina ya wazazi yafanane na yale ya cheti cha ndoa. Mama aliyebatizwa Maria, akaolewa kama Mariamu, na kitambulisho chake cha Kenya kinasema Mary, ana kazi ya kiapo mbele yake.

Nimejikita kwa wanaoingia Tanzania kwa sababu ndio tulio nao mikononi. Kwa wanaotoka, maneno machache. Aliyeolewa Kenya aombe hati ya mtegemezi huko, ahesabu miaka yake saba, na kabla hajaomba uraia wa Kenya aulize utamfanyia nini uraia wake wa Tanzania, kwa kuwa Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili na sisi hatuuruhusu. Mwenye mume Uingereza ajue kwamba tangu Aprili 2024 mume huyo anatakiwa aonyeshe kipato cha angalau paundi 29,000 kwa mwaka ndipo amlete mke mara ya kwanza. Ujerumani wanataka mwenzi anayekuja awe amefaulu Kijerumani cha hatua ya A1, na watu wetu husoma Goethe-Institut, Dar es Salaam. Nimekutana na kijana wa Tanga aliyekuwa akihesabu namba za Kijerumani akikatia kabichi za mama yake sokoni. Sijui alifaulu, ila alikuwa amefika mia mbili.

Narudi kwetu mafrateri. Kanuni ya 1151 inasema wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja. Mkataba wa Haki za Familia uliotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983 unataka familia za wahamiaji ziunganishwe upesi iwezekanavyo. Tunayafundisha hayo vizuri. Lakini fomu ya mahojiano ya wachumba niliyoitumia mimi ilikuwa na nafasi ya dini, ya ubatizo, ya kipaimara, ya vizuizi vyote vya ndoa, na haikuwa na nafasi ya kuuliza: mwenzako ni raia wa nchi gani, ana pasipoti, aliingia kwa muhuri gani, unakwisha lini, na baada ya harusi mtaomba nini? Maswali matano. Yakiulizwa kwenye mahojiano ya kwanza, miezi mitatu kabla ya ndoa, bi harusi ana muda wa kurudi kwao akachukue pasipoti, akapita Horohoro mchana kweupe, mbele ya dirisha. Yakiulizwa baada ya arobaini, tayari tumechelewa. Paroko wangu aliyaandika kwa kalamu pembeni mwa fomu, na tangu hapo kila wachumba waliokuja walikuta yamo.

Mama yule alirudi jumuiyani. Katekista alimwambia kwamba kujificha hakumsaidii, na kwamba akienda mwenyewe kujieleza ni bora kuliko kufuatwa. Mwanawe mkubwa, ambaye ni Mtanzania mwenye kitambulisho, alimpeleka ofisi ya uhamiaji wakiwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mume, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya parokia yenye namba ya mstari wake katika kitabu cha ndoa. Walimsikiliza. Wakamwambia jambo la kwanza ni pasipoti ya nchi yake, na mengine yatafuata. Nilipomaliza mwaka wangu alikuwa amekwenda Mombasa mara mbili kuifuatilia, kwa basi, kupitia mpakani, akiwa na barua mkononi. Mara ya pili aliniletea maembe ya Msambweni.